Mche wenye kiu hautaki mbolea

Mche wa mwembe wa futi tatu, majani mapana ya kijani kilichokolea, umesimama kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche, cha inchi 4 kwa 6 pembeni mwa barabara. Mnunuzi anauruka ule wa futi moja na nusu ulio kando yake, analipia mrefu, anaupakia kwenye bodaboda mpaka Goba au Kigamboni. Wiki tatu baadaye majani yanajikunja, na kila anayepita getini ana ushauri uleule: weka mbolea ya kukuzia. Inamwagwa konzi ya urea shinani. Siku nne zikipita, mche umekwisha.

Maoni yangu ni kwamba miche mingi inayokufa Dar es Salaam haifi kwa njaa. Inakufa kwa kiu, na mbolea ndiyo inayoimalizia.

Tuanze na hesabu ya kiriba. Kile cha inchi 4 kwa 6 kinachukua takriban nusu lita ya udongo. Kama kimejazwa mchanga, na udongo mwingi wa Mbagala na Kigamboni ni wa kichanga, maji ambayo mizizi inaweza kuyanyonya ni kama asilimia 10 tu ya ujazo huo. Hiyo ni mililita 50, kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Mche wenye majani mengi unaweza kukimaliza kabla ya alasiri ya Januari.

Maji yakipungua, kinachosimama kwanza ni kurefuka. Chembe changa za mmea hutanuka kwa msukumo wa maji yaliyo ndani yake, kwa hiyo jani jipya hubaki dogo na pingili huwa fupi hata kabla hujaona jani limenyauka. Baadaye vile vitundu vidogo vya majani hujifunga ili maji yasitoke. Vikijifunga, hewa ya ukaa nayo haiingii, na mche unaacha kujitengenezea chakula. Kilichomo udongoni pia hakifiki. Nitrojeni husafiri na maji kuelekea kwenye mizizi. Fosforasi hujikokota kwenye utando mwembamba wa maji uliozunguka punje za udongo. Udongo ukikauka, njia imekatika. Ndiyo maana mche unaweza kupauka kwa njaa huku udongo wake una mbolea tele.

Sasa mbolea yenyewe. Nitrojeni ikiwa nyingi na maji yapo kila siku, mche hupeleka nguvu zake juu: majani mapana, laini, na shina refu jembamba. Mizizi haiongezeki kwa kiasi hichohicho. Hapo kitaluni hakuna tatizo, kwa sababu mwenye kitalu anamwagilia asubuhi na jioni. Tatizo ni siku mche unapohamia kwa mtu anayemwagilia akikumbuka. Majani mengi yanadai maji mengi, na mizizi iliyozoea kuletewa haiwezi kuyatafuta. Mche mfupi, wenye shina nene na majani magumu kidogo, ndio wa kununua, hata kama jirani atauona duni.

Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni. Kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, kikimwagwa kwenye kiriba chenye kikombe cha kahawa cha maji, kinatengeneza mchanganyiko wa karibu asilimia 10. Hakuna mzizi mchanga unaohimili hilo. Maji hutoka ndani ya mzizi kwenda nje badala ya kuingia, na ncha za majani huungua kahawia kana kwamba zimepitishwa kwenye moto. Na ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu kidogo, juani, sehemu kubwa hupotea hewani kama amonia kabla mche haujanufaika.

Hapa kwetu kuna jambo linalozidisha haya yote: maji ya visima. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu uliposhuka, ulionyesha kwamba maji ya bomba nayo si ya kutegemea mwaka mzima. Sasa, mbolea za viwandani kwa sehemu kubwa ni chumvi. Ukimwagilia maji ya chumvi, ukaongeza mbolea, jua likanyonya maji na kuacha chumvi nyuma, kila wiki udongo wa kiriba unakuwa mkali zaidi. Dalili yake ni ukoko mweupe juu ya udongo na mdomoni mwa kiriba. Ukiuona, usiongeze kitu. Kwangua ukoko, kisha mimina maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, polepole hadi yatoke chini kwa wingi, angalau mara mbili ya ujazo wa kiriba. Anayelazimika kutumia kisima cha namna hiyo apunguze kipimo cha mbolea kwa nusu, aepuke mbolea ya potasi yenye kloridi, na kila akimwagilia ahakikishe maji yanatoka chini. Kumwagilia kidogokidogo juu juu ndiko kunakolimbikiza chumvi. Na achague mti unaostahimili: mvinje, mkungu, mnazi. Mparachichi hautamvumilia hata kidogo.

Kitaluni, mchanganyiko wa ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza na moja ya mchanga unafaa. Kama udongo wako tayari ni wa kichanga, acha huo mchanga na uongeze samadi au mfinyanzi kidogo, kwa sababu kazi kubwa ya samadi hapo ni kushika maji. Chakula kinafuata. Mbolea ya kuku wa kisasa inapatikana kirahisi mjini, lakini mbichi ni kali mno kwa amonia na chumvi. Irundike, iloweshe, igeuzegeuze kwa miezi mitatu ndipo uitumie.

Mbolea ya viwandani isubiri mpaka mche uwe na majani manne ya kweli, bila kuhesabu yale ya mwanzo yanayotoka na mbegu. Chukua gramu 20 za NPK 17-17-17 (nitrojeni, fosforasi na potasi kwa uwiano sawa) kwa ndoo ya lita 10. Punje zake haziyeyuki zote kwa haraka, kwa hiyo loweka usiku kucha, koroga, chuja kwa kitambaa. Asubuhi mwagilia kwanza maji matupu, kisha weka mililita 50 za mbolea kwa kila kiriba. Ndoo moja inatosha viriba 200. Suuza majani. Rudia baada ya wiki mbili. Miti ya jamii ya kunde kama mkenge, mgunga na mpingo hushirikiana na bakteria kupata nitrojeni kutoka hewani, na ukiimwagia urea hupunguza vile vinundu vya mizizini wanamoishi bakteria hao. Mjohoro, ingawa ni wa ukoo huo, hauna vinundu. Huo ulishe kama mingine.

Udongo wa kiriba ukishakauka kabisa, maji hupita pembeni na kutoka chini huku katikati pakiwa pakavu. Watu wengi hudanganyika hapo. Tumbukiza kiriba kizima kwenye ndoo mpaka viputo viishe, kama dakika 10. Na ujizoeze kukinyanyua: uzito utakwambia zaidi kuliko rangi ya udongo.

Wiki sita kabla ya kupanda, acha mbolea. Wiki nne kabla, ondoa kivuli hatua kwa hatua, mwagilia kila baada ya siku moja, kisha kila baada ya siku mbili. Majani yakilegea saa saba mchana na kusimama jioni, uko sawa. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, umevuka mpaka. Kiu hii ya kiasi hufanya mizizi iwe mingi ukilinganisha na majani, na hakuna mbolea inayoweza kuifanya kazi hiyo.

Kuhusu majani ya njano, mtu asikimbilie urea. Njano inayoanzia majani ya chini, ya zamani, na kuenea sawasawa, mara nyingi ni upungufu wa nitrojeni. Njano kwenye majani machanga huku mishipa imebaki kijani ni upungufu wa madini ya chuma, na huonekana sana penye mawe ya matumbawe kama Msasani. Nitrojeni haisaidii hapo. Njano pamoja na udongo unaonuka na kulowa kila siku ni maji yaliyozidi.

Shambani au uani, mti wa matunda uchimbiwe shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Mche mgeni bado unaishi ndani ya lile bonge lake la nusu lita, hivyo kwa wiki mbili za mwanzo maji yaende karibu na shina, lita mbili kila siku au kila baada ya siku moja. Baada ya hapo badilisha: lita 10 kwa mara moja kila siku ya nne, ndani ya kisahani cha udongo, ili mizizi ifuate maji chini. Weka matandazo ya majani makavu lakini yaache nafasi ya kiganja kutoka shinani, maana mchwa hupenda kujificha humo. NPK, gramu 50 kwenye duara la sentimita 30 kutoka shinani, ifukiwe, na iwekwe tu baada ya majani mapya kutoka na udongo ukiwa umelowa.

Limebaki suala la tarehe. Masika ya Dar ni Machi hadi Mei; vuli ni Oktoba hadi Desemba. Siku ya Mazingira Duniani ni 5 Juni, na hapo ndipo miche mingi hupandwa kwa hotuba na picha, mvua ikiwa imeshaondoka. Mche uliopandwa siku hiyo unahitaji wastani wa lita 10 kila siku ya nne mpaka vuli ianze, takriban mara 32, yaani lita 320. Miche 500 ni lita 160,000, maboza 16 ya lita 10,000. Kama bajeti ya sherehe haina maboza hayo, miche ibaki kitaluni hadi Oktoba.