Nilicheka mayai yakipasuka kama bisi

Mara ya kwanza kuiona District 9 ilikuwa kibanda umiza huku Mbagala, feni moja na lenyewe bovu, muvi imetafsiriwa, jamaa anaongea juu ya sauti za watu wa ndani mpaka Kizungu hukisikii kabisa. Wale viumbe wa angani akawa anawaita makamba, na kwa kweli hakukosea, kwenye muvi yenyewe ndo wanavyotukanwa, kamba kama kamba wa baharini, sasa kila akisema "kamba huyoo anakimbia" banda zima kicheko. Ikafika ile sehemu Wikus, yule jamaa wa kampuni inayowahamisha makamba, kakuta kibanda kimejaa mayai ya makamba, kinapigwa moto, afu anageukia kamera anaelezea bila hata aibu kwamba yakipasuka yanalia kama bisi. Tulicheka, mi nadhani nilicheka kuliko wote, soda ikanipalia.

Nimeirudia juzi peke yangu, sauti yake halisi, na pale kwenye bisi nikabonyeza pozi nikakaa naangalia ukuta.

Kwa ambao hamjaiona, ni ya 2009, kaiongoza Neill Blomkamp ambaye ni mzaliwa wa Johannesburg. Meli ya angani inakuja 1982 inasimama juu ya Johannesburg, haishuki wala haiondoki, watu wanapanda kutoboa wanakuta viumbe wamedhoofu kwa njaa. Wanashushwa, wanapewa kambi, kambi inageuka mtaa wa mabati, na miaka 20 na ushee baadaye wenyeji wamewachoka, kampuni moja inapewa tenda ya kuwahamishia mbali na mji. Jina lenyewe kijembe, maana Cape Town kulikuwa na District Six, 1966 makaburu wakatangaza ni eneo la weupe tu, watu zaidi ya 60,000 wakatolewa na nyumba zikalazwa chini.

Ila kilichonikaba safari hii sio mabunduki, ni karatasi. Wikus sio katili wa kwenye muvi, ni mtu wa ofisi tu, kavaa kisibau juu ya shati, ana fomu zake, anapita mlango kwa mlango anagonga anaomba saini, tena anatabasamu. Kamba mmoja anaipiga ile karatasi kwa hasira, Wikus anaiangalia anaona imepata alama, basi hiyo ndo saini, twende kwa mwingine. Mwingine anaitwa Christopher Johnson (fikiria, umetoka sayari huko unapewa jina Christopher) yeye anaisoma fomu na kumwambia hii sio halali, mnatakiwa kutupa masaa 24, na Wikus badala ya kujibu hoja anaanza kumuulizia mtoto, kwamba mazingira haya hayafai kulelea mtoto, tunaweza kumchukua. Mtu aliyewahi kusimama dirishani kwenye ofisi yoyote anatafuta cheti anaijua hiyo sauti, ya upole kabisa.

Na kuna kitu nimekuja kujua baadaye kikanitoa jasho. Kabla ya hii Blomkamp alifanya filamu fupi, watu wa mtaani wanahojiwa wanalalamika kuhusu wageni, wanasema hawa watu hivi hawa watu vile. Wengine hawakuwa waigizaji, na hawakuulizwa kuhusu viumbe, waliulizwa kuhusu wahamiaji wa Nigeria na Zimbabwe. Yeye akachukua majibu yaleyale akayapachika kwa viumbe na yakakaa sawasawa, hayakuhitaji kurekebishwa hata neno.

Sasa hapohapo ndo namlaumu. Wanaijeria kwenye muvi yake ni nini? Majambazi, wauza silaha, wauza miili, wanakula nyama ya makamba ili wapate nguvu, na bosi wao anaitwa Obesandjo, jina limefanana na la Obasanjo, rais wa zamani wa Nigeria, mpaka waziri wa habari wa Nigeria wakati huo, Dora Akunyili, akataka majumba ya sinema ya kwao yaache kuionesha. Mi nasema alikuwa na haki. Kamba mwenye mikia mdomoni kapewa mtoto, kapewa akili, kapewa machozi, lakini jirani yako wa bara lako mwenyewe hajapewa hata mtu mmoja wa kumhurumia. Huruma kwa wa mbinguni ni rahisi, haombi kazi uliyokuwa unaitaka wewe.

Na muvi yenyewe waliipiga Soweto mwaka uleule wa 2008 ambao Sauzi kuliwaka, wahamiaji wanapigwa na kufukuzwa, ilianzia Alexandra mwezi wa tano, wakafa watu 62, na wengi hawajui kwamba kama theluthi yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Watu walikuwa wanakamatwa barabarani wanaoneshwa kiwiko cha mkono, haya sema hiki kwa Kizulu kinaitwaje, ukikosa indololwane imekula kwako.

Hapa ndo Mtanzania huwa anavimba, sisi tuliwapokea wale wapigania uhuru wa Sauzi, tuliwapa Mazimbu pale Morogoro wakajenga na shule, leo wanatufanyia hivi. Ni kweli. Ila 2013 si kulikuwa na Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, Kagera na Kigoma huko, watu waliooa wakazaa wakazika huku wakaambiwa rudini kwenu? Sikumbuki kama kuna aliyevimba siku hiyo, mi mwenyewe nilikuwa bize na mpira.

Kile kibanda umiza niliingia na mshikaji wangu wa Kigoma, Muha, tulikuwa tunamwita Mrundi, utani tu si unajua. Nimempigia juzi baada ya kuirudia, namuuliza unaikumbuka ile muvi ya makamba, akasema anaikumbuka sana, ile ya jamaa wa karatasi. Nikamwambia mi nakumbuka bisi. Akanyamaza kidogo afu akaniambia mwaka ule alikuwa ndo ametoka kushushwa kwenye basi akienda kwao, jamaa wa ukaguzi anamuuliza babu yake kazikwa kijiji gani, na hakumbuki, nani anakumbuka, akaachwa na basi.

"We ulikuwa unacheka bisi kumbe," akasema, tukahamia habari za mpira.