Chumba cha redio cha ami msikiguse

Juzi tulikuwa na kikao cha familia na jambo kubwa lilikuwa kile chumba cha juu cha ami. Mmoja katika sisi, simtaji, akaja na fikra kwamba kisafishwe, kipigwe rangi, kitiwe kiyoyozi kikodishwe wageni, mana ukikaa dirishani bahari yote unaiona na pesa ya wageni ipo. Na hayo makorokoro mle ndani? Waitwe wa vyuma chakavu. Ami mwenyewe yupo hapo hapo kakaa na kahawa yake, hakusema neno, kidole tu kilikuwa kinagonga gonga kikombe, na watu wakaona ndo uzee huo, mikono inatetemeka. Mie nikasikia, ni Morse, herufi zinazogongwa kwa milio mifupi na mirefu. Fupi ndefu fupi fupi, akatulia kidogo, fupi ndefu. L na A. La. Akairudia tena na tena mpaka kahawa ikapoa.

Naandika hapa kwa sababu pale kikaoni nilishindwa kupanga maneno, donge lilinikaa kooni.

Ami ni mwanajeshi mstaafu, kitengo chake mawasiliano, kaenda Kagera 1978 karudi 1979. Vita hapendi kuhadithia. Anachohadithia ni usiku tu, kakaa porini hedfoni masikioni, redioni kelele tupu, miungurumo, miluzi, radi za mbali huko, na ndani ya kelele zote hizo kuna mlio mmoja mwembamba kama wa mbu, huo ndo wako, huo ndo wenye habari, ukiupoteza kuna watu hawatorudi. Wenzake wengi walivorudi hawakutaka tena hata kuiona redio. Yeye akaanza kuitafuta ya kwake mwenyewe.

Kwa wasiojua, kama vile kuna ngumi za ridhaa kuna na redio ya ridhaa. Hulipwi, hutangazi, huuzi kitu, unapewa leseni na herufi zako za kuitwa, unakaa unaita hewani na yoyote aliyekusikia popote duniani anakujibu. Enzi za Mwingereza herufi za vituo vya Unguja zilianza na VQ1, siku hizi ni 5H1, na watu wa nje wanaigombania Zanzibar kama watoto wanavogombania pipi za sikukuu kwa sababu vituo vya huku ni vya kuhesabu. Mkishazungumza mnatumiana kadi kwa posta kuthibitisha. Za ami zimo kwenye mkebe wa biskuti, kuna moja ya Hokkaido pembeni imeliwa na mende, saa imeandikwa kwa wino 1742, hiyo ni saa ya Greenwich, huku kwetu saa tatu kasoro usiku tunakula chakula, kule Japani ni saa nane na kitu ya usiku wa manane. Yani kuna mtu kakaa macho saa nane za usiku anamsikiliza ami yangu wa mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja anamgongea jina la kisiwa chake kwa waya wa shaba wa mita 10! Mita 5 upande wa mwembe, mita 5 upande wa mnazi, basi, hakuna mnara hakuna dishi. Mawimbi yanapanda kilomita mia mbili, mia tatu, yanakuta tabaka la hewa lililochajiwa na jua, yanarudi chini yanaruka tena, kama mpira unavodunda ukutani.

Sasa kuna hili la ami kupenda jazi, ambalo ndo watu wanalicheka zaidi. Ukisema jazi kwa watu wa rika lake wanadhani unasema Morogoro Jazz na Western Jazz, na hizo naye anazipenda, lakini zile ni rumba jina tu jazi. Yeye anaongelea ile ya asili, ya New Orleans kule Marekani, ya kina King Oliver na Louis Armstrong, na ameijulia wapi? Redioni, kwenye masafa mafupi, kabla hata ya jeshi. Sauti ya Amerika walikuwa na kipindi cha jazi tangu 1955, mtangazaji Willis Conover, anazungumza Kiingereza cha polepole neno moja moja ili wasiojua lugha wamfahamu, na huyu bwana dunia nzima inamjua isipokuwa kwao, mana sheria ya Marekani wakati ule ilikuwa hairuhusu matangazo yale kurushwa ndani ya nchi yao wenyewe. Ami anasema nusu ya Kiingereza chake katoa skuli, nusu kwa Conover.

Na wanaosema ni mambo ya kizungu nataka wanisikilize vizuri. Kwanza walioianzisha ni watu weusi wa New Orleans. Pili, hebu nendeni mtaani siku ya harusi, bendi ya Mbwa Kachoka wakipita na matarumbeta yao, kina mama nyuma wanacheza. Ala za bendi za wanajeshi wa kikoloni, babu zetu wakazichukua wakazitia ngoma na mizaha wakazileta mtaani. Kule New Orleans ni vile vile, ala za bendi za kijeshi zikaingia mikononi mwa watu wa mtaani, bendi inatangulia, umati unafuata nyuma unacheza na miavuli. Ami aliponichezea kanda ya bendi ya mtaani ya kule mara ya kwanza, nilikuwa na miaka tisa, nikamuuliza ami, hii harusi ya nani?

Kanifundisha kuisikiliza. Zinapiga ala tatu kwa pamoja, tarumbeta imeshika wimbo wenyewe, klarineti inapanda na kushuka juu yake, tromboni inajivuta chini, na hakuna inayomsubiri mwenzake. Mtoto wa leo akisikia anaona fujo. Ami anasema wewe fikiria shughuli, kina mama watatu jikoni, wanaongea wote kwa wakati mmoja na kila mmoja kamsikia mwenzake kasema nini. Chagua mmoja umfate mpaka mwisho. Halafu rudisha kanda, mfate wa pili. Nilikuwa nakaa chini kwenye mkeka nafata klarineti tu, nyimbo nzima, na ukiweza hivo ndo unafahamu kwa nini mtu yule yule anapenda na redio, mana redioni vituo ishirini vinakuita kwa pamoja na lazima uchomoe mmoja. Kazi ni moja. Inasimuliwa kwamba King Oliver aliporikodi 1923, kabla hakujaja maikrofoni za umeme, wakipigia wote kwenye pembe la kunasia sauti, kijana Armstrong ilibidi asimamishwe mbali na wenzake kwa jinsi alivokuwa anapuliza kwa nguvu. Ami akifika hapo kwenye kanda anainua kidole, "huyo, yupo kule nyuma, umemsikia?"

Nije kwenye kitu ambacho kila Muunguja anakikumbuka. Disemba 2009 waya wa umeme wa baharini ukafa na tukakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu, visima pampu hazifanyi kazi, samaki wanaoza, hoteli jenereta usiku kucha. Ami alikuwa na betri ya gari. Usiku mmoja kaniita juu, nikapanda na kibatari, kanivisha hedfoni. Kimya. Nikasema ami redio imekufa. Akasema ngoja. Halafu kwenye kile kimya ikaanza kutoka milio, mmoja, miwili, mingi, iko safi kama glasi, ya mbali kabisa, ambayo siku zote ilikuwa inafunikwa. Kumbe majokofu yetu, chaja, mataa ya kubana umeme, vyote vinatia kelele hewani, na kisiwa kizima kilipozimika kelele ikaondoka. Anasema tangu miaka ya themanini alikuwa hajapata kusikia hewa safi vile. Mie nilikuwa msichana nalia kiza na joto na maji ya kuchota, lakini ule usiku ndo nilofahamu kwamba dunia ilikuwa inazungumza muda wote na sisi ndo tuliokuwa hatuisikii.

Leseni yake iliwahi kuchelewa sana. Ofisi moja walimuuliza redio yako itatangaza nini, itapiga nyimbo gani, matangazo ya biashara mtatoza bei gani. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mzee wa watu na bahasha yake ya kaki. Hilo lilimuumiza kuliko anavosema.

Nnachotaka kusema kwa familia yangu na kwa mwengine yoyote mwenye mzee kama huyu ni kwamba mle chumbani hamna makorokoro, mna elimu. Sisi ni watu wa visiwa. Waya wa baharini wa simu za maandishi ulitufikia 1879, kutoka Aden, Unguja ikawa kituo ambacho habari za pwani yote hii zinapitia, leo kijana wa Shangani hajui hata hilo. Tarehe 26 Disemba 2004 ilipopiga tsunami, kule visiwa vya Andaman simu zilikatika, na waliopeleka habari za nani mzima nani kapotea walikuwemo wapenzi wa redio wa ridhaa kutoka India waliokuwa huko huko, mji wa Port Blair, kwa hobi yao tu. Bahari ni hii hii yetu. Redio inayotumia betri ya gari na waya uliofungwa mwembeni haisubiri mnara wa mtu wala bando.

Kwa hiyo badala ya kiyoyozi mie nataka mle chumbani liwekwe benchi, watoto wetu wakitoka chuoni, yani madrasa, Jumamosi wapande, wanne watano, wafundishwe kugonga na wafundishwe kusikiliza, na kanda zile zihamishiwe kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Pesa za wageni zitapatikana kwa njia nyengine, chumba cha chini kipo. Ami ana miaka sabini na kitu sasa, sikio la kushoto linaanza kumtoka. Jua nalo ndo limetoka kwenye kilele cha nguvu zake 2024, wakati linapolichaji zaidi lile tabaka la hewa, na kilele hicho kinakuja kila miaka kumi na moja hivi, na hewa wakati huu bado inabeba mbali sana. Kilele kinachokuja sijui nani atakuwa mle chumbani.

Jumamosi hii baada ya laasiri tunashusha waya. Chumvi ya bahari imekula shaba mpaka imekuwa kijani, na kunguru wamezoea kukaa katikati mpaka umelegea umefanya tumbo. Nimeshanunua mita 12 mpya kwa fundi wa Darajani, ziada kwa ajili ya kufungia. Binti yangu kasema yeye ndo atapanda mwembe, ami kamkubalia kwa sharti moja, akifika juu agonge tawi kwa fimbo herufi za jina lake lote, asikosee.