Gundi ya Viatu kwenye Buti la Volkswagen

Volkswagen Beetle zilizotoka kabla ya modeli ya 1968 hazina mdomo wa petroli nje. Injini iko nyuma, buti liko mbele, na tangi la lita 40 limo humo ndani ya buti pamoja na tairi la spea na kikopo cha mafuta ya breki. Ukitaka kutia petroli, sharti ufungue buti. Buti likikataa kufunguka, una gari zuri la kutazama.

Nimeanza na hilo kwa sababu baraza nzima ya Mikunguni, mjini Unguja, ilikuwa ikiuliza jambo moja: kwani lazima lifunguliwe leo? Lazima. Gari ilikuwa 1300 ya 1966, mshale wa petroli umelala chini kabisa, na mwenyewe, Maalim mstaafu anayeipenda kuliko pensheni yake, alikuwa anasubiriwa harusini Makunduchi. Tena butini mlikuwa na madoriani mawili ya zawadi, yale matunda ya miiba yenye harufu kali, yameiva.

Chanzo ni mvua za vuli. Mpira wa buti ulikuwa umekakamaa kwa jua na chumvi, umepasuka konani, na maji yalikuwa yakiingia na kutuama chini ya spea. Hapo ndipo bati la Volkswagen linapoanza kuliwa, kimyakimya, mpaka siku unanyanyua spea unaiona barabara. Kwa hiyo Maalim alikuwa na haki kubadilisha mpira. Tatizo ni alivyoubadilisha, usiku, peke yake, kwa taa ya simu.

Kwanza alinunua mpira wa kukatiwa kwa mita, ule wa mlango wa daladala. Ni mnene, mgumu, na umbo lake halifanani hata kidogo na mfereji wa bati unaozunguka buti la Beetle. Mpira usioingia mferejini hukaa juu yake, na ukikaa juu unakinyanyua kifuniko. Pili, mfereji hakuusafisha. Gundi kavu na kutu ya miaka vilibaki palepale. Alipoona mpira haukai, akachukua kopo la gundi ya viatu, akapaka chini ili ushike. Halafu, na hapa ndipo watu wa baraza walipomtaka arudie maelezo, akapaka na juu.

"Juu kwa nini, Maalim?"

"Ili ushike kotekote."

Ukashika kotekote. Akatia madoriani, akateremsha kifuniko, kitasa hakikulia, akamwita mkewe wakakalia wote wawili. Kikalia.

Asubuhi akavuta kirungu cha kufungulia kilicho chini ya dashibodi. Kwa kawaida kirungu hicho huvuta waya, waya unasogeza kibati cha kitasa, springi inasukuma kifuniko juu kidogo, nawe unamalizia kwa mkono. Safari hii kifuniko kilikuwa kinasukumwa juu na mpira mnene na wakati huohuo kimeshikwa chini na gundi. Kibati kikabanwa. Maalim akavuta zaidi, akaweka mguu kwenye dashibodi, ikasikika tak! Akabaki na kirungu mkononi.

Tulipofika sisi wa gereji, harufu ilikuwa imetangulia kutupokea. Nyuma ya dashibodi ya Beetle hakuna ukuta wa maana baina ya buti na abiria, ni karatasi ngumu tu. Kwa hiyo mpira ulikuwa umeziba vizuri sana kwa nje, na doriani lote likahamia ndani ya gari. Bi Mkubwa, mkewe Maalim, alikuwa amekwishahama, amekaa kibarazani na baibui lake na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa kitu.

Ushauri ulikuwa mwingi. Mmoja alitaka tutoboe bati la mbele kwa drili. Mwengine alisema tumimine thina pembeni, gundi itayeyuka. Itayeyuka kweli, ikishamaliza kuyeyusha rangi. Wa tatu alikuja na taa ya gesi ya kuchomelea ili tuipashe gundi moto, na huyo tulimwondoa na taa yake mpaka ng'ambo ya barabara. Chini ya kile kifuniko kuna tangi, na tangi lililokaribia kuisha ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke mtupu wa petroli unaongojea cheche.

Waya ulikuwa umekatika kirunguni, si kitasani, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Ncha yake ilikuwa bado inaonekana kwenye bomba lake. Tukaibana kwa plaizi ya kujifunga. Sasa, waya wa namna hii hauvutwi kwa nguvu. Unaondoa kwanza uzito kitasani. Kijana wa gereji akakandamiza pua ya kifuniko kwa viganja viwili, juu ya kitasa hasa, mwenzake akavuta polepole. Kibati kikateleza. Kijana akaachia. Kifuniko hakikusogea hata unywele, maana gundi ilikuwa haijaulizwa.

Ikabidi Maalim mwenyewe aingie ndani ashikilie plaizi, asiiachie, kibati kisije kikarudi kikafunga tena. Kanzu ya harusi, madirisha yamefunguliwa manne (yale madogo ya pembeni pia), kitambaa puani.

Gundi ya viatu hulegea kwa joto. Tulimimina maji ya moto kutoka kwenye birika la kahawa la barazani, kidogo kidogo, kufuata ukingo wa kifuniko, tukaleta mshipi wa jirani mvuvi. Mshipi wa nailoni mwembamba, kila ncha imezungushiwa kijiti, unapakwa maji ya sabuni usipate joto ukakatika. Unapenyezwa kwenye upenyo konani, watu wawili wanavuta huku na huku kama msumeno, wakielekea juu kwenye kioo cha mbele. Nailoni haikwaruzi rangi kama waya. Upande wa kushoto ukaachia, kisha wa kulia, na kifuniko kikainuka kikitoa sauti ambayo Bi Mkubwa alisema siyo ya gari.

Mpira wa daladala ulitoka vipande vipande. Harusi ikasubiri, kwa sababu Maalim hakukubali kuondoka bila mpira na mvua ilikuwa imetanda. Kwa bahati gereji kulikuwa na mpira wa umbo lake. Hapa pia watu hukosea: wa hadi 1967 na wa kuanzia 1968 si mmoja, kwa kuwa kifuniko kilifupishwa.

Mfereji ukakwanguliwa kwa bisibisi bapa, kingo zilizolala zikanyooshwa kwa plaizi, kutu ikapigwa msasa namba 120. Praima ya kutu ilitakiwa ikauke usiku kucha. Tulipaka baadaye, harusi ilipokwisha. Mpira unaanzia katikati ya juu, karibu na kioo, unashuka pande zote mbili, na unaingizwa kwa maji ya sabuni. Mafuta na grisi hapana, vinavimbisha mpira. Hauvutwi: ukiuvuta leo, kesho utarudi urefu wake na kuacha pengo. Konani unausukuma kwa kidole gumba uwe na ziada kidogo, na kiungo kinakaa chini, nje ya kona. Gundi ni matone machache tu, ndani ya mfereji, hasa penye kiungo. Juu inapakwa poda ya mtoto.

Tulijaribu kwa chaki: unapaka mpira, unafunga, unafungua, unatazama alama kwenye kifuniko. Palipokatika alama ndipo maji yatakapopita. Kona moja ilikuwa tupu, tukalegeza nati ya pini ya kitasa, tukairekebisha kifuniko kiketi vizuri. Kisha maji ya kopo, kuanzia chini kwenda juu, ili yakiingia ujue yameingilia wapi.

Kirungu kipya hakikuwepo. Waya ukafungwa kijiti cha mshipi, na Maalim akaelekezwa avute taratibu.

Kituo cha petroli, kwa tulivyosimuliwa, kijana wa pampu alilizunguka gari mara mbili akitafuta mdomo wa tangi. Maalim akavuta kijiti, buti likafunguka, kijana akainama na pampu yake, akarudi nyuma hatua tatu akauliza humu ndani mmezika nini.