Sam Angekuwa na Shangazi

Jumamosi iliyopita theluji ilituweka ndani, mimi na binti yangu wa miaka 12, tukaangalia Moonrise Kingdom ya Wes Anderson. Filamu ni ya 2012, na ilipigwa humu humu Rhode Island, Marekani, tunakoishi. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1965, kisiwani. Sam na Suzy, wote miaka 12, wanaandikiana barua mwaka mzima, kisha wanatoroka pamoja. Suzy kabeba paka, kinanda cha santuri cha mdogo wake, na sanduku la vitabu. Nyumba zimepangwa kama za wanasesere, unjano umetawala kila mahali, na watoto wanaongea kwa uzito kama wazee barazani. Niliipenda sana.

Zile barua zilinirudisha kwetu Pangani, Tanzania. Nikiwa darasa la sita niliandikiwa barua, karatasi ya daftari iliyokunjwa mpaka ikatosha kiganjani, ndani imenyunyiziwa poda, inaanza na "Dhumuni la barua hii". Mwalimu wa zamu akaikamata kabla sijaisoma. Ikasomwa mstarini. Yule kijana akala viboko, mimi nimesimama mbele natazama vidole vyangu vya miguu. Maneno ya mwisho sikuyasikia, kicheko kiliyameza. Nasema wazi: kosa siku ile lilikuwa la watu wazima. Yale hayakuwa malezi.

Ndiyo maana nilimwelewa binti yangu alipomwonea huruma Suzy, aliyekuta juu ya friji kijitabu cha kuwafundisha wazazi namna ya kuishi na mtoto msumbufu kupita kiasi. Lakini mimi niliumia zaidi kwa Sam. Ni yatima. Familia inayomlea inapigiwa simu kwamba mtoto katoroka, nayo inajibu kuwa haitaki arudishwe. Baadaye anakuja mwanamke wa ustawi wa jamii, kavaa joho la buluu, kumchukua.

Kwetu Sam angekuwa na shangazi. Sisemi angelelewa kwa asali. Wapo yatima waliolelewa kwa masimango, waliokwenda kuteka maji wenzao wamelala, na tunawajua. Lakini kingeitwa kikao, babu mdogo angekohoa, na mtu angesema mtoto aje kwangu. Katika filamu hii mpaka ije dhoruba, na polisi mpweke anayeishi kwenye karavani, ndipo apatikane mtu wa kusema huyu ni wangu. Mama yake Suzy naye anawaita wanawe kwa kipaza sauti ndani ya nyumba yao wenyewe! Nimeishi huku miaka 14, upweke huo naujua.

Hata hivyo polisi yule anamketisha Sam mezani, anampa soseji, anazungumza naye habari za mapenzi bila kumdharau. Hicho ndicho nilichokikosa shuleni, nikakipata kwa bibi. Kwetu mama na binti wanaoneana haya, mambo hayo yana mwenyewe, naye ni bibi. Jioni ya ile barua alinikalisha mkekani, mkononi ana ukili anasuka, akaniuliza jambo moja tu: "Na wewe, mke mwenzangu, ulimpenda?" Hakuna mwingine aliyeniuliza.

Filamu ilipokwisha binti yangu akanigeukia. "Mama, wewe ukiwa na miaka kama yangu ulimpenda nani?" Nikaona haya, nikainuka kuangalia wali jikoni. Nimempa shule nzuri, kitanda chake, daktari wa meno. Bibi sikumpa.

Kesho yake saa nne asubuhi, Pangani saa kumi na mbili jioni, nikampigia mama kwa video, nikamkabidhi binti simu, nikatoka. Mama huyu hajawahi kunitamkia neno la mapenzi tangu nizaliwe. Nikiwa koridoni nikamsikia anacheka: "Haya, mke mwenzangu, ni nani huyo anayekusumbua?"

Binti yangu akainuka, akafunga mlango.