Wanafunzi Wataikubali Maabara ya Mbali Wakiamini Ipo

Anayetaka kujua kama wanafunzi wa uhandisi wameikubali maabara ya mbali, yaani vifaa halisi vinavyoendeshwa kupitia mtandao, kwa kawaida huwagawia dodoso: mfumo ni rahisi kutumia? Una manufaa? Maswali hayo yana mizizi kwenye kazi ya Fred Davis ya mwaka 1989, na hayana ubaya. Ila Davis alikuwa akichunguza programu za ofisini. Anayeandika barua kwenye kompyuta hajiulizi kama barua yenyewe ipo. Mwanafunzi aliyekaa mbele ya skrini akipima umeme wa saketi iliyo kwenye chumba asichokiona anajiuliza mapema kabisa: hivi vipimo vinatoka kwenye kifaa, au kompyuta inapiga hesabu tu?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulijibu kwanza.

Chukua VISIR, mfumo wa maabara ya mbali ulioanzia Blekinge, Uswidi. Mwanafunzi anaburuta rezista na nyaya kwenye picha ya ubao, anabonyeza kitufe, na kule maabara relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zinaunga saketi ya kweli, kifaa kinapima, jibu linarudi. Kipimo kinachukua sehemu ndogo ya sekunde, kisha zamu inamwendea mwingine, kwa hiyo wengi wanatumia mtambo mmoja karibu bila kusubiriana. Ni kazi ya kupendeza sana. Lakini kasi hiyohiyo, pamoja na picha zile nadhifu, ndiyo inayomfanya mwanafunzi adhani yuko kwenye programu ya uigaji, ile inayopiga hesabu tu bila kifaa.

Kinachoweza kumtoa shaka ni namba. Weka volti 5 kwenye rezista ya kiloomu 1. Kwenye uigaji wa kawaida mkondo ni miliampea 5 kamili, leo na kesho. Rezista halisi inayoruhusiwa kupishana kwa asilimia 5 inaweza kukupa chochote kati ya 4.76 na 5.26 hivi, na ukirudia kupima, tarakimu ya mwisho haitulii. Mhadhiri asiyesimama hapo na kuwauliza wanafunzi tofauti hiyo imetoka wapi amewanyima sababu ya kuamini. Anayekata maksi kwa sababu jibu si 5 kamili amefanya vibaya zaidi: amewafundisha kupika vipimo.

Kwenye majaribio ya mota kamera inasaidia mno. Mwanafunzi akiongeza volti kidogokidogo na kuiona mota imegoma, kisha ikaanza kuzunguka ghafla baada ya kushinda msuguano, hahitaji kushawishiwa tena. Mimi ningechukua video hafifu ya moja kwa moja kuliko mchoro wa kuvutia wa pande tatu.

Ni kweli maabara ya mbali haifundishi mikono: kuchomea waya au kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Hayo yatafutiwe muda kwenye maabara ya kawaida. Lakini nafasi ya mwanafunzi kukosea isifutwe. Saketi ya hatari ikikataliwa na mfumo, ni haki kabisa, mradi mwanafunzi aelezwe ni waya upi na mkondo ungefika kiasi gani, badala ya kuachwa na neno "hitilafu" kwenye skrini.