Tausi wa sendofu

Hii naiandika leo kwa sababu mwaka umeshapita na mama ameanza kunitumatuma dukani tena kama zamani.

Ilikuwa sendofu ya dada yangu. Kwenye grupu la WhatsApp la kamati kila mtu anamwaga ahadi, anko mmoja mbuzi wawili, mamkubwa kreti kumi za soda, na mi mfukoni nina nauli ya kesho tu, nikaandika kwa kujiamini kabisa "matunda niachieni mimi". Ningeishia hapo nikakata tikiti langu vipande nikapanga kwenye sinia wala msingekuwa mnasoma hii stori. Ila kuna binamu yangu mmoja ana roho mbaya, akatupia picha ya tausi aliyetengenezwa kwa matunda, mkia umefunguka kama feni, akauliza "hii unaiweza lakini?" Nikajibu "hiyo ndogo sana". Sijui nilikuwa nimekunywa nini, na mi pombe wala situmii.

Siku yenyewe, saa kumi na moja alfajiri niko soko la Ilala. Tikiti nazigongagonga kama nnavyoona wenzangu wanagonga, ikilia ndu natikisa kichwa kama nimeelewa kitu. Nikachukua mbili, na mananasi mawili yule jamaa kaniapia ni ya Kiwangwa, papai moja refu la kiwiliwili, embe dodo, ndizi, zabibu. Nageuka niondoke muuzaji ananiita, "Bosi, sinia bila fenesi hilo la kupelekea mgonjwa." Nikarudi.

Sasa hapa lazima mjue mi nimekulia kwa bibi Makete. Kule ni baridi, matunda yetu ni epo na plamu na pichesi, unachuma unafutia kwenye shati unakula. Fenesi nimekutana nalo ukubwani hapa Dar, tena limeshatolewa, liko kwenye kimfuko na bei yake. Sijawahi hata siku moja kujiuliza limetokaje mle ndani.

Nikalipasua katikati. Likatoa kautomvu keupe hivi, nikasema aah maziwa tu haya, nikaendelea. Dakika ya pili kisu kinaingia hakitoki. Nikakishika kwa mkono wa pili ili nivute, mkono nao ukabaki hukohuko. Nikavuta taulo nijifute, taulo likaja jumla, nikawa nimekaa pale kama nimefungwa bandeji. Nikaenda bombani na sabuni, ndo kwanza likawa bigijii kabisa, vidole vinne vimekuwa kimoja. Simu ikaita, mama huyo yuko saluni, nikapokea kwa pua.

"Umefikia wapi?"

"Namalizia mama", na hapo hata embe moja sijamenya.

Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani, yuko darasa la pili, alikuja kuomba kibiriti. Akasimama mlangoni akaniangalia weee. "Anko, hukupaka mafuta?" Mafuta gani? "Fenesi unapaka mafuta kwanza, mikononi na kwenye kisu. Bibi yangu haoni vizuri lakini hilo analijua." Yani kaniambia kwa huruma kabisa, kama daktari. Nikamwambia basi baba ingia jikoni uniletee hayo mafuta fasta. Akatoka na kikopo alichokikuta nyuma ya jiko, akanimiminia, nikasugua, na kweli bana, ule ute ukaachia wenyewe, raha iliyoje. Nikajifutia gazeti, nikajirashia maji, kisu nikakifuta kwenye kaptula maana saa tano hiyo inaingia, kazi ikaendelea.

Na tausi akatoka, msinidharau! Papai ndo mwili, ndizi ndo shingo, macho karafuu mbili. Nanasi nimelikata nusu likalala nyuma, nikalichoma vijiti vya meno paketi nzima, kila kijiti kina tikiti, embe, zabibu, hadi mkia ukafunguka kama kwenye picha. Nikapiga picha nikatupa kwenye grupu. Binamu aliona, akanyamaza, na ile tiki mbili za bluu ilinipa furaha mpaka leo.

Tatizo ukumbi uko mbali na nilikodi bajaji. Tuta la kwanza kichwa kikainama. Tuta la tatu tausi analia, maana nilikata tikiti mapema na tikiti ikishakatwa inamwaga maji tu, sinia limekuwa bwawa, mi nimelikumbatia na suruali ya kitambaa imeloa sehemu mbaya. Halafu ndizi niliyoimenya bila kuipaka hata tone la limau, ilipofika saa kumi imeshakuwa nyeusi. Nimetoka na tausi, nimefika na kunguru.

MC hakujali. "Makofi kwa kaka wa bibi harusi, ametuletea ndege wa kifalme!" Watu wakapiga vigelegele, sinia likawekwa mbele kabisa, upande wa wakwe.

Paka wa kwanza nilidhani wa pale ukumbini tu. Akaja wa pili. Walipofika watatu, wamekaa chini ya meza ya matunda wameinua shingo, nikaanza kujiuliza tangu lini paka akapenda papai.

Shangazi ndo alionja. Akatafuna taratibu, akasimama kutafuna, akavuta kijiti cha pili akakinusa, halafu shangazi yangu hajui kunong'ona, "Jamani, mbona hii embe ina kibua?"

Mama akageuka polepole na ule urembo wake wote wa saluni. "We mtoto. Yale mafuta yangu niliyokaangia vibua jana, kwenye kikopo, nyuma ya jiko..." Hakumaliza, mi nilishaangalia mikono yangu. Kumbe nilikuwa nanuka siku nzima nikadhani ni dereva wa bajaji, nikamnunia bure kaka wa watu.

Dada kacheka mpaka kope za bandia zikamtoka. Wakwe wakajifanya wameshiba. Aliyekula ni mmoja tu, babu wa upande wa bwana harusi, mzee wa watu alijipakulia sahani, akarudia, akafuta midomo, akaniita kwa kidole nikainama kumsikiliza.

"Mjukuu wangu, harufu nimeisikia tangu nimekaa hapa. Hao samaki wenyewe wanaletwa saa ngapi?"