Ndege ya Jeshi Ikianguka, Sababu Aambiwe Nani?

Ukivuka kutoka Lamu mjini kwenda kiwanja cha Manda, utamwona nahodha akipunguza mashine ndege inapoondoka, akaisikiliza mpaka mlio utulie. Ana haki. Dakika za mwanzo ndizo hatari: ndege imejaa mafuta, iko chini, na ikikorofisha rubani hana kimo wala muda wa kujiokoa.

Tarehe 11 Aprili 2018, Ilyushin Il-76 ya jeshi la Algeria ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Boufarik. Walikufa watu 257, wengi wao wanajeshi na jamaa zao. Hata Kenya tumeyaona. Aprili 1992, ndege aina ya Buffalo ya Jeshi la Wanahewa iliangukia mtaa wa Kaloleni, Nairobi, ikaua zaidi ya watu 40, wakiwemo wakazi.

Septemba 2023 zamu ikawa yetu. Helikopta ya jeshi la Kenya, KDF, ilianguka hapa Lamu ikiwa doria ya usiku, hakutoka mtu hai. Jeshi likaunda bodi ya uchunguzi, na barazani ubishi ukaanza: ripoti ya ajali kama hii ni mali ya jeshi au ya wananchi?

Wanaosema ifichwe hawaropokwi. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliivamia kambi ya Manda Bay, hapahapa Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Adui wetu yuko karibu, na anasoma. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inaruhusu mambo ya usalama wa taifa yazuiwe. Ila hoja yao inayonigusa zaidi ni nyingine kabisa: fundi aliyekosea hatasema kweli akijua maneno yake yatamrudia mahakamani. Akinyamaza, ndege nyingine itaruka na kasoro ileile.

Lakini hoja hiyo ina jawabu. Ajali ya ndege ya kiraia, kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30. Ndege za jeshi haziguswi na kanuni hizo. Jeshi la anga la Marekani limegawa kazi mara mbili. Uchunguzi wa usalama hubaki ndani, na anayehojiwa huzungumza bila hofu. Wa pili hutangazwa. Ndege ya kijeshi ya Marekani, WC-130, ilipoanguka Savannah tarehe 2 Mei 2018, punde baada ya kuruka, na kuua watu 9, mwaka haukuisha kabla ripoti haijatoka: injini moja ilipoteza nguvu, mafundi hawakuwa wameitengeneza sawasawa, na rubani akakosea usukani wa mkia. Sioni siri ya vita iliyovuja hapo. Naona mambo ambayo kila karakana ya ndege ingepaswa kuyajua.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: safari, mzigo na kazi ya askari vibaki siri, tena Lamu hata saa ya kuruka ifichwe. Chanzo cha ajali kitangazwe. Ubovu wa injini haumsaidii adui, unamsaidia askari anayepanda kesho.

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, mwanawe yuko jeshini, nilimuuliza anataka kipi. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Mwanangu, wampeleka wapi, hilo lao. Mimi nataka kujua hiyo ndege ni nzima."